Hodi ya Mteremkoni

Gari la mikate lilikuwa limeshaondoka, limeshapita kona ya kituo cha mafuta, na Cheche alikuwa bado nyuma yetu barabarani, anakimbia na begi mgongoni. Dereva alikuwa Shemeji, mwoka mikate, mwenye gari. Mumewe, mwalimu wa hesabu tuliyemwita Dira, alikaa mbele na ramani mapajani. Nilimwomba Shemeji asimame. Dira akatazama kioo cha pembeni, akasema hakuna haja, mbele kuna mteremko, na mteremko ni wa Cheche. Kweli, barabara ilipoanza kuinamia darajani, yule kijana alikunja ngumi kama mtu anayewahi choo, akatukaribia, akalingana na mlango wa nyuma. Mlango huo mwenzetu Mkunga, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa ameushikilia wazi tangu mwanzo, na wala hakuna aliyemtuma. Akamvuta kwa ukosi wa shati, naye akaangukia kwenye trei tupu, hana pumzi, amepakwa unga mpaka kwenye nyusi.

Mkunga alimuuliza amechelewa wapi. Akasema alikuwa anafunga mtungi wa gesi.

Uongo. Mimi nilikuwa nalala chumba cha nyuma cha karakana yake, nikijua kila kinachofanyika mle. Asubuhi ile mashine zote zilikuwa zimezimwa. Cheche alikuwa amesimama mbele ya lango la mteja ambalo halijaisha, barakoa ya kuchomelea imeshuka mpaka kidevuni, na sauti inavuma ndani ya lile bati: nimefikiri sana, nimekuwa nikitaka kukwambia, kwa kuwa tumefahamiana muda mrefu. Anafika hapo anarudia mwanzo. Nilipomwita twende aliinua barakoa, uso umelowa jasho, akaniambia nitangulie.

Cheche ni mtoto wa dada yangu. Mimi nimepita miji mingi na kazi nyingi: utingo wa lori, mpishi wa kambi ya wajenga barabara, mchunga mbuzi wa watu. Shule niliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, kila baba alipohama. Nilikuja kwa Cheche kumjulia hali tu, nikakuta ana kitanda cha ziada na klabu ya kukimbia milimani, nikakaa. Klabuni kila mtu aliniita Mjomba, na cheo changu kilikuwa mkia. Mkia hukimbia wa mwisho, akiokota vibendera vya njia na watu walioteguka.

Sasa shida ya Cheche ilikuwa hii. Mkunga alikuwa amehamishiwa hospitali nyingine, mbali sana, na likizo hii ya kiangazi ikiisha tu anakwenda. Vyombo vyake vilikuwa tayari kwenye maboksi, yamefungwa kamba, nimeyaona mwenyewe yamepangwa ukutani sebuleni kwake. Na Cheche alikuwa anampenda yule mwanamke tangu alipojiunga na klabu, na hajawahi kumwambia.

Si kwamba alikuwa bubu. Kwenye karakana anaongea mpaka wateja wanasahau walichofuata. Tatizo lilikuwa mlima. Mkunga ni mtu wa kupanda. Ni mfupi, miguu kama michi, na mlima ukisimama wima ndipo anapoanza kufurahi. Lakini kushuka, anashuka kama aliyebebeshwa trei ya mayai ya watu. Cheche ni kinyume. Akipanda anahema kama mvukuto. Akishuka anajiachia kama jiwe lililochoka kukaa. Basi katika kila mbio wawili hawa walikutana mara mbili tu, Mkunga akimpita Cheche wakielekea juu, na Cheche akimpita Mkunga wakirudi chini. Mara ya kwanza Cheche hana pumzi. Mara ya pili pumzi anayo, lakini Mkunga yuko nyuma.

Na hapo wanapokutana walikuwa na neno mojamoja tu, kwa sababu ya desturi yetu. Njia za milimani ni za mguu mmoja. Wa nyuma akitaka kupita anasema hodi. Wa mbele anajibu pita, anaegemea upande wa mlima, basi. Hakuna anayejibu karibu. Aliwahi kujiunga nasi fundi saa mmoja, mtu wa adabu zake, akapigiwa hodi akajibu karibu na kupunguza mwendo, kama tunavyofanya sote majumbani. Wa nyuma akamvaa mgongoni, wakaviringika wote mpaka matopeni. Tangu siku hiyo Dira alilipiga marufuku. Karibu ni neno la mwenye nyumba, alisema, na mlima si nyumba ya mtu. Tukazoea mpaka likatuingia mwilini. Mkunga alitusimulia kwamba hata kazini, daktari mkuu akibisha hodi kwenye mlango wa wodi ya wazazi, yeye anajibu pita na kujibana ukutani.

Ndivyo ilivyokwenda, mwaka nenda mwaka rudi. Hodi, pita. Hodi, pita. Ukiyakusanya maneno yote waliyowahi kuambiana wakiwa peke yao, hayajazi kijiko.

Kwa hiyo wazo la safari hii, kwenda milimani kutembea, si kukimbia, lilitoka kwa Cheche. Watu wakitembea wanalingana, aliniambia, na wakilingana wataongea. Dira alilipokea haraka kwa kuwa goti lake lilikuwa limeanza kumwimbia. Akaweka na sheria: huku ni kutembea tu, atakayekimbia atabeba sufuria. Ilikuwa sufuria ya klabu, nene, ya kupikia kundi zima, na mfuniko wake ulikuwa umepoteza kishikio, umefungwa kwa kamba, ukitikiswa unagonga kama kengele ya shule.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwahi kuwaona wakimbiaji wakitembea. Tulijikwaa kila hatua. Mguu uliozoea kuruka jiwe, ukiambiwa ulipande taratibu, unalitafuta na kulipiga teke. Shemeji ndiye wa kwanza kubeba sufuria, baada ya upepo kumpokonya kofia akaifuata bila kufikiri. Ikamfuata Dira mwenyewe, aliyeonekana akidunda kwenye nyasi tambarare. Alijitetea kwamba ule ni mwendo wa haraka, akataka kutueleza tofauti yake kwa hesabu, mkewe akamvisha sufuria akiwa bado anaeleza.

Cheche alikuwa akitembea nyuma ya Mkunga, karibu kabisa, na mimi nyuma ya Cheche. Kutwa nzima kijana wa watu alitazama begi la Mkunga. Kumbe kwenye njia ya mguu mmoja kutembea hakulinganishi mtu na mtu. Kunampa wa nyuma nafasi ya kuhesabu mishono ya begi la wa mbele.

Tulipofika kwenye kijito tulipumzika. Nilichukua birika, nikawaita Dira na Shemeji tukatafute kuni, nikawaacha wale wawili wameloweka miguu majini. Tulikaa huko hata kuni zikatushinda kubeba. Tuliporudi nilimvuta Cheche pembeni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia maji ni baridi."

"Akasemaje?"

"Amekubali."

Kibandani tulikolala palikuwa na chumba kimoja, vitanda vya mbao vimepandana, buti zimening'inizwa kwenye misumari, na jiko la kuni la chuma ambalo mlango wake ulikuwa umeshikwa na bawaba moja, unaachia moshi. Mtunza kibanda, mzee mwenye kikohozi, alituomba radhi kwa ajili ya moshi kabla hajatusalimia. Cheche akatoa koleo na waya begini, maana hata likizo hasafiri bila koleo, na Mkunga akajitolea kumshikia mlango. Shemeji akanikonyeza. Tukatoka wote nje, na Dira tukamtoa, na mtunza kibanda tukamtoa, tukasimama kwenye manyunyu ya jioni tukijifanya tunatazama mawingu. Dirishani tuliwaona wameinamisha vichwa pamoja. Tukasubiri hadi mabega yakalowa.

Cheche alitoka amefurahi. Jiko alikuwa amelitengeneza. Komeo la mlango pia. Na kifungo cha begi la Mkunga kilichokuwa kimevunjika, nacho alikuwa amekiunda upya kwa waya, kizuri kuliko cha dukani. Neno lenyewe hakulisema.

"Vijana wenzake wakisema wamepata jiko wanamaanisha mke," Shemeji alisema huku akikamua sketi. "Huyu wetu kapata jiko kweli."

Asubuhi ya siku ya mwisho nilimkuta Cheche nyuma ya kibanda anasugua sufuria kwa mchanga, midomo inamchezacheza. Nikamwambia naisikia hotuba yake hata bila barakoa. Akainama. Akasema kesho yake maboksi yanapakiwa kwenye lori, na kila akifungua mdomo kinachotoka ni habari za maji au bawaba. Hajui aanzie wapi.

Mimi si mtu wa mashauri, lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama mama yake zamani, tulipokuwa wadogo na kitu kimevunjika nyumbani. "Acha hotuba," nilimwambia. "Mtu akitaka kuingia kwa watu hasimami uani kuhutubia. Anabisha hodi. Mwenye nyumba akishakujibu, mengine yanakuja yenyewe."

Akalifikiria. Akasema hilo analiweza, ni neno moja. Kwa nyumba, ushauri ule hauna kasoro hata leo.

Tukapanda kilele cha mwisho. Karibu na juu njia ilisimama kama ngazi ya kuezekea paa, na Mkunga akashindwa kujizuia. Tulimsikia akicheka, kisha tukaona nyayo zake tu. Alipofika juu alitusubiri amekaa kwenye mawe, mikono ameshainyoosha kupokea sufuria. Ng'ombe hashindwi na nunduye, alisema, akaifunga juu ya begi kwa kile kifungo cha waya. Halafu akatazama upande yanakoishia mabonde. Akasema alikokwenda kukagua hospitali mpya, nchi yote ni tambarare kama meza. Hajui atapanda nini huko. Labda ngazi za wodini.

Cheche aliinama akakaza kamba za buti zilizokuwa zimekazwa tayari.

Tulianza kushuka. Dira alibaki nyuma kwa ajili ya goti, mkewe amemshika mkono. Mbele alikuwa Mkunga na mayai yake, anauchagulia mguu pa kukaa kama anayechagua mchele, kisha Cheche, kisha mimi. Njia ilikata ubavuni mwa mlima, na chini yetu mteremko wa nyasi ulikwenda mpaka kwenye ukuta wa mawe wenye lango la mifugo. Nilimwona Cheche akijifuta viganja kwenye suruali. Nilimwona akivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Hodi," akasema.

Aliisema vizuri. Nimesimama kwenye milango ya watu wengi maishani, sijapata kusikia hodi yenye adabu namna ile.

"Pita," Mkunga akajibu bila kugeuka, akaegemea upande wa mlima, sufuria ikagonga jiwe, njia ikawa wazi.

Na Cheche akapita.

Miguu ina masikio yake. Ilisikia pita, ikapita, haikumuuliza mwenyewe. Niliuona uso wake alipokuwa sambamba na Mkunga: mdomo wazi, maneno yote aliyoyapika karakanani yamemjaa mashavuni, na miguu inamchukua. Mteremko nao ulikuwa wa aina yake hasa, nyasi fupi na udongo laini. Hatua chache chini zaidi nadhani akili ilimfikia, akaelewa ameambiwa pita, na hapo aibu ikaipokea kazi kutoka kwa miguu. Akaacha njia, akakata moja kwa moja kwenda bondeni, mguu niponye.

"Haya, sufuria ni yake sasa," Mkunga akasema. Akanigeukia tucheke. Mimi sikucheka.

"Mkunga mwanangu, ile hodi haikuwa ya njia."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya mlango."

Alinitazama. Akatazama chini, Cheche anavyozidi kuwa mdogo. Akaanza kusema kwamba miaka yote hii, akaishia hapo. Halafu akasema alijua anaombwa apishe tu, kila mara. Nikamwambia nyingine zilikuwa za kupisha kweli. Hii hapana.

"Na mimi nimemwambia apite."

"Umemwambia."

"Mjomba, mimi kazi yangu ni kungoja watu watoke," alisema huku akiukaza mkanda wa begi. "Kungoja mtu aingie sijui."

Akaruka kutoka njiani.

Yale mayai aliyokuwa akiyabeba miaka yote, siku ile aliyaacha yavunjike. Alishuka mikono juu, begi linamrukia, na sufuria na mfuniko wake vinapiga kelele bonde zima. Ng'ombe waliokuwa wamelala upande wa pili wa ukuta waliinuka. Aliteleza akakalia makalio, akateleza nayo kipande kizuri, akainuka kwa kasi ileile kana kwamba ndivyo alivyopanga. Nyuma yangu nilimsikia Dira akiuliza nani huyo anayekimbia, sheria iko wapi, na Shemeji akimjibu, "Mwalimu, nyamaza."

Cheche angekuwa mkimbiaji mtupu angeliruka lile lango na kwenda zake. Lakini ni mchomeleaji. Lango lilikuwa limelala upande, bawaba imechakaa, limefungwa kwa vipande vya waya na mtu asiyejua kufunga waya, na yeye hajaweza kupita kitu cha namna hiyo tangu azaliwe. Tulimwona amesimama, mkono kwenye nguzo, anatikisa. Ndipo akasikia sufuria. Akageuka.

Mkunga alisimama hatua chache kutoka kwake, ameinama, mikono magotini. Bonde lile hubeba sauti, nasi tulimsikia wazi tukiwa juu.

"Hodi," akasema.

Cheche alifungua waya, akalivuta lango mpaka mwisho, akaegemea ukutani kama desturi inavyotaka, akaacha njia nyeupe. Akilini nikamwona tayari amerudi karakanani, mimi na yeye, jioni hadi jioni, na maboksi yameshakwenda. Shemeji alikuwa amenifikia, akanishika mkono wa shati akaukunja.

Ndipo midomo ya Cheche ikacheza. Alichosema hakikutufikia, alikisema taratibu, tena kifupi. Lakini lingekuwa pita, Mkunga angepita, maana yule mwanamke anatii sheria kuliko Dira mwenyewe. Hakupita. Alisogea mpaka alipokuwa Cheche, akasimama hapo hapo na sufuria yake mgongoni, lango wazi, na hakuna kati yao aliyekwenda upande wowote.

Waliopita ni ng'ombe. Waliona lango wazi, wakatoka wote. Dira alipiga yowe kutoka juu, halafu akasahau goti na kuanza kukimbia, na sisi nyuma yake, na mchana wote tulikimbizana na mifugo ya watu kwenye ule mteremko, mimi mkia kama kawaida. Mkunga aliwazuia wa juu, Cheche aliwazuia wa chini. Habari za nani abebe sufuria hakuna aliyezitaja tena.

Mkunga alihamia hospitali yake siku ileile iliyopangwa. Cheche alimaliza lango la mteja, akauza mashine kubwa, akamfuata kabla mvua hazijaanza. Walifunga ndoa kule kwenye nchi tambarare. Ana karakana uani, na Mkunga anapanda ngazi za wodini kila siku kabla ya kuingia zamu. Wana binti mmoja ambaye bado haijulikani kama ni wa kupanda au wa kushuka.

Dira alifanyiwa upasuaji wa goti, sasa anashika saa kwenye mbio. Klabu imeliruhusu neno karibu, kwenye malango tu. Shemeji bado anaoka. Mtunza kibanda alistaafu, na jiko lake linafunga vizuri. Lile lango la mifugo Cheche alilirudia kiangazi kilichofuata, akaliwekea bawaba mpya. Sufuria iko kwao, imebonyea ubavuni, wanaipikia.

Chumba changu cha nyuma mwenye nyumba alimpangisha fundi baiskeli. Nilikunja blanketi, nikaondoka.